Gari la spoti likianza kulia: hofu ya giaboksi na namna ya kuichunguza kabla hujatoa pesa

Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, mtoto wa ndugu yangu alinifuata barazani Kibokoni baada ya sala ya Isha. Hakuketi.

"Ami, gari yatetemeka nikikata kona. Wasema giaboksi imekufa."

"Wasema nani?"

"Gereji. Wataka nipeleke pesa waifungue, watie nyengine."

Gari lenyewe ni la spoti, la Kijapani, otomatiki, linavuta magurudumu yote manne. Alilinunua kwa akiba ya miaka mitatu ya kazi Ghuba, na pesa alizobaki nazo zilikuwa za harusi. Nikamuuliza mambo matatu tu. Latetemeka likiwa baridi au moto? Latetemeka ukienda moja kwa moja, au ukikata kona peke yake? Na ni kitu gani kilichofanywa kwenye gari kabla halijaanza? Gereji hawakumuuliza hata moja. Majibu yake nitayataja mwishoni, kwa sababu yanafunza.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wengine wa kisiwani ambao siku hizi naona wana magari ya aina hii, nao hulala na hofu moja. Diploma niliyoisomea ujanani ilikuwa ya ufundi wa magari, na ingawa mikono yangu haishiki tena spana kila siku, jambo moja sijalisahau: giaboksi ni nadra kufa ghafla. Huanza kusema, na kila ugonjwa una lafudhi yake. Mwenye gari anayeijua lafudhi hiyo hutibu mapema kwa pesa ndogo. Asiyeijua hungoja mpaka kubwa liharibike, au hulipia kubwa ambalo halikuharibika.

Mapenzi ya magari haya hayakuanza jana. Kenya ni nchi ya Safari Rally. Colin McRae alishinda mbio hizo mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Mwaka 2021 mbio zilirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia huko Naivasha, na watoto waliokuwa hawajazaliwa enzi za McRae wakaona kwa macho yao. Wanachosahau ni kwamba timu ya rali huja na giaboksi za akiba na mafundi wa kuibadilisha kwa muda mfupi, kisha gari likaendelea. Wewe wa Mji wa Kale unayo moja, na ndiyo itakayokupeleka kazini Jumatatu.

Aina nne za giaboksi

Kazi ya giaboksi ni kuoanisha mzunguko wa injini na wa magurudumu. Gari likiondoka lataka nguvu nyingi na mwendo mdogo. Likishika barabara ya Nairobi lataka mwendo mkubwa bila injini kupiga mayowe. Kabla ya kuogopa lolote, jua giaboksi yako ni ya aina gani, kwa sababu dalili moja haina maana moja kwa zote.

Ya kwanza ni ya mkono. Kuna klachi inayoshika na kuachia, na ndani kuna gia za meno zenye pete ndogo za sinkro, zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza. Giaboksi ya gia 5 ya Impreza WRX za zamani ilipata sifa ya kuvunjika meno pale gari linapoondolewa kwa kishindo, hasa kama injini imeongezwa nguvu. Ile ya gia 6 ya STI ni imara zaidi.

Ya pili ni otomatiki ya kawaida. Badala ya klachi ya mguu, kuna kifaa mfano wa bakuli lililojaa oili, mafundi hukiita tok konveta. Oili hapa hulainisha, hupoza, na ndiyo inayobeba nguvu na kubadilisha gia kwa shinikizo. Kwa hiyo oili ikiharibika, kila kitu huharibika.

Ya tatu ni CVT. Haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, zimeunganishwa kwa mkanda wa chuma au mnyororo. Wengi hudhani gari la spoti haliwezi kuwa na CVT, lakini Subaru WRX S4 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014 ilitoka na CVT peke yake. Aliyetaka ya mkono ilibidi achukue WRX STI. Kijana akiagiza gari bila kuijua tofauti hii, atakuja kushangaa bandarini.

Ya nne ni ya klachi mbili. Klachi moja hushika gia za witiri, 1, 3, 5, na nyingine hushika za shufwa, 2, 4, 6. Kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi kwa niaba yako. Volkswagen huiita DSG. Hapa kuna jambo la kuzingatia. DSG ya gia 6 iliyomo kwenye Golf GTI nyingi ina klachi zinazooga kwenye oili, na oili hiyo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Ile ya gia 7 iliyomo kwenye Golf nyingi za injini ndogo ina klachi kavu. Hiyo ya klachi kavu ndiyo iliyozua malalamiko mengi duniani, mpaka mwaka 2013 Volkswagen ikaita magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa matengenezo. Watu husema "DSG ni mbovu" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni mbili tofauti.

Hata magari ya bei kubwa hayakusalimika. Nissan GT-R ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa na giaboksi ya klachi mbili iliyowekwa nyuma ya gari. Huko Marekani baadhi ya wenye magari ya mwanzo walivunja giaboksi kwa kutumia mara kwa mara mfumo wa kuondoka kwa kishindo, wakazozana na kampuni kuhusu waranti, na kampuni ikabadilisha programu ya gari. Fundisho lake ni fupi: uwezo uliotiwa kwenye kompyuta si idhini ya kuutumia kila kwenye taa za barabarani.

Lafudhi za giaboksi

Dalili ya mvua ni mawingu. Hizi hapa ni dalili ambazo mwenye gari anaweza kuzitambua mwenyewe.

Injini yapanda, mwendo haupandi. Kwa gari la mkono, hii ni klachi inayoteleza. Jaribu hivi: kwenye barabara wazi, shika gia ya 4 kwa mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa injini ukiruka na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Klachi ni kitu cha kuisha kama breki, si giaboksi kufa. Kwa otomatiki, dalili hiyo hiyo ni nzito zaidi. Kwanza angalia oili imepungua au la.

Gia yakwaruza ikiingia, hasa ya 2 au ya 3. Ikikwaruza gia moja tu, ni pete ya sinkro ya gia hiyo. Zikikwaruza zote, hata ya kurudi nyuma, klachi haiachii vizuri: huenda ni oili ya klachi au pampu yake, vitu vya nje visivyohitaji giaboksi kushushwa.

Mlio wabadilika ukikanyaga klachi. Gari likiwa fri, kama mlio wapo na wapotea ukikanyaga klachi, mshuku beringi ya shafti inayoingia ndani ya giaboksi. Kama hakuna mlio na wazuka ukikanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Kipimo hiki hakina gharama, na kinatenganisha kazi kubwa na ndogo.

Umetia D au R na gari lachelewa kushika. Likikaa zaidi ya sekunde mbili kisha likashtuka kwa kishindo, shinikizo la oili ni dogo. Sababu ya kwanza ni oili kupungua, ya pili ni chujio kuziba, na za ndani hufuata baadaye.

Mtetemo wa kuondoka, kama gari lapita juu ya mbao. Kwa CVT na kwa klachi mbili kavu hii ni dalili ya kawaida ya ugonjwa. Kwa otomatiki huweza kuwa oili iliyochoka. Lakini raba zinazoshikilia injini na giaboksi, mafundi huziita mauntingi, zikikatika huleta mtetemo na kishindo kinachofanana kabisa.

Gari lajizuia kwenye kona kali. Kwa magari yanayovuta magurudumu manne, geuza usukani mpaka mwisho na uende polepole. Likihisi kama mtu amevuta breki, likirukaruka, basi mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma umeshikana. Chanzo chaweza kuwa ndani, na chaweza kuwa tairi.

Rangi na harufu ya oili. Oili mpya ya otomatiki huwa nyekundu na angavu. Ikiwa kahawia imezeeka. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zinapikika. Chembe laini kama unga kwenye sumaku ya chini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidoleni si vya kawaida. Na oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji ndani yake. Zima injini, usiendeshe hata mpaka gereji.

Kisiwa chetu kinavyoichosha giaboksi

Vijana huambiwa kwamba kasi ndiyo inayoua giaboksi. Hapa kwetu naona kinachoua zaidi ni joto, kusimama na maji.

Msimu wa Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wa bahari juu yake. Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inapozidi hapo kwa nyuzi kama 10, umri wa oili hukatika nusu. Gari lililo kwenye mwendo hupozwa na upepo. Gari lililokwama kwenye daraja la Nyali jioni, au nyuma ya malori Changamwe, halipati upepo, na oili huzidi kupikika.

Foleni ya feri Likoni ina lake. Unasogea hatua mbili, unasimama, kisha unashuka na kupanda kwenye mteremko. Gari la klachi mbili likiachwa litambae taratibu, klachi husuguana muda wote bila kushika kikamilifu. Ngoja nafasi ifunguke mbele yako, nenda kwa hatua moja ya maana, kisha simama kabisa. Na kwenye mteremko, usilizuie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, tumia breki. Kwa gari la mkono pia, mguu usipumzike juu ya klachi. Mwenye safari za kusini anayeweza kupita barabara ya Dongo Kundu huipa giaboksi yake faraja kubwa.

Kisha kuna maji ya kisima. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na wapo wanaoyatia kwenye rejeta. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Chumvi ikila ukuta mwembamba ulioko kati, maji na oili hukutana, na maji yakifika kwenye klachi za ndani, gundi inayoshikilia bitana zake huachia. Ndipo inapotoka ile chai ya maziwa. Galoni moja ya kuleanti iliyo sawa ni rahisi mara nyingi kuliko giaboksi.

Wakati wa masika, magari haya yaliyo chini hupita kwenye madimbwi ambayo Land Cruiser hayayahisi. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia kwa juu. Maji yakilifikia huingia. Na matuta yetu hugonga bakuli la oili lililoko chini. Ukisikia "kwaa", usiseme tu "pole" ukaendelea. Asubuhi angalia sakafu kama kuna doa.

Kabla ya kukubali ifunguliwe

Fundi mwema wapo, na kisiwani nawajua wengi wenye mikono ya baraka. Lakini hata mwema hukisia akikosa habari. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, andika. Dalili hutokea lini, likiwa moto au baridi, gia gani, mwendo gani, na nini kilifanywa kwenye gari karibuni. Karatasi moja ya namna hii humsaidia fundi kuliko maneno "gari lina shida".

Pili, pima oili kwa njia iliyo sawa. Magari mengi ya sasa hayana kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Hupimwa kupitia tundu la chini, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa, injini inawaka, na oili iko kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Anayeongeza kwa kukisia, gari likiwa limezimwa ubavuni mwa barabara, hukosea kwa kupunguza au kuzidisha, na yote mawili ni madhara.

Tatu, hakikisha ni oili ya aina yake. Oili ya CVT si ya otomatiki ya kawaida, na ya klachi mbili si ya CVT. Kosa hili moja limeua giaboksi nzima nyingi. Nunua kwa muuzaji unayemwamini na uone kopo likifunguliwa mbele yako, kwani bandia zimejaa. Na ukiambiwa oili imetiwa ya maisha, haibadilishwi, jua kwamba ZF ya Ujerumani, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa giaboksi duniani, hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8.

Nne, ondoa shaka za nje. Angalia mauntingi, nyaya, betri na tairi. Betri dhaifu huzitia wazimu kompyuta za giaboksi za kisasa. Kwa gari la magurudumu manne, tairi zote zilingane; Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi.

Tano, lipimwe kwa mashine na upewe namba za hitilafu kwa maandishi. Namba P0700 pekee haisemi giaboksi imekufa. Yasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina namba nyingine iliyohifadhiwa, na fundi inampasa aitafute hiyo. Ukiambiwa "mashine imesema giaboksi", omba uone.

Sita, mpakie fundi garini na dalili itokee mbele yake. Asiyekubali kukaa ndani ya gari lako kwa dakika ishirini, vipi atalifungua?

Saba, tafuta rai ya pili. Kwa kazi kubwa kama hii si kumvunjia mtu heshima. Hata nahodha wa jahazi haendi kukalafati kwa neno la mtu mmoja.

Na likikwama njiani, gari la magurudumu manne livutwe likiwa limebebwa lote juu ya lori. Likinyanyuliwa mbele tu na nyuma yakaburuzwa, waweza kuua mfumo wa katikati uliokuwa mzima.

Ukilazimika kubadilisha

Wakati mwingine jibu ni kwamba kweli imekufa. Wengi hununua giaboksi ya mtumba kutoka Japani. Hapo linganisha namba ya aina ya giaboksi na ile iliyoandikwa kwenye kibati cha gari lako. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Kwenye Subaru, uwiano wa mwisho wa mbele lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Ukitia ya 4.11 mbele na nyuma ikabaki 4.44, magurudumu yatapigana na kilichopya kitakufa haraka. Mabomba ya kupozea yasafishwe, kwani takataka za giaboksi ya zamani hubaki humo. Kompyuta ifundishwe upya. Waranti iandikwe, itaje siku na kilomita. Na chukua giaboksi yako ya zamani. Ni mali yako.

Kabla ya kununua

Kiwango cha KS 1515:2000 huzuia kuingizwa Kenya gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari hukaguliwa huko Japani kabla ya kupakiwa. Ukaguzi huo wahusu usalama na uhalali. Hauwezi kukueleza mwenyewe wa kwanza aliliendesha vipi milimani kwao. Kwa hiyo omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA ina maana gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa na zile za cheti cha kutolewa Japani, kisha na zilizoko kwenye dashibodi.

Nenda ukalione asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Tia D, tia R, hesabu sekunde. Geuza usukani mpaka mwisho, zunguka kulia na kushoto. Liendeshe si chini ya nusu saa mpaka lipate moto, pamoja na kipande cha msongamano. Mashine ya kupimia ikionyesha kwamba kumbukumbu za kompyuta zimefutwa juzi, jiulize nani amezifuta na kwa nini. Kama huna fundi wako, AA Kenya hukagua magari kwa ada.

Aibu iliyofichwa

Kutia oili nzito ili giaboksi inyamaze siku ya mauzo, au kufuta namba za hitilafu, baadhi yetu huita ujanja wa biashara. Dini yetu ina jina lake: ghushi. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji chini, na akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona. Giaboksi ni chini ya lundo. Na fiqhi humpa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo na hakuijua, ana haki ya kurudisha.

Kwa sheria ya nchi, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara wa bidhaa hiyo auze kitu kinachofaa kuuzika, lakini ukikagua mwenyewe, aibu ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua haitakuwa hoja yako. Ndiyo maana ukaguzi uwe wa kweli. Mwenye dai lisilozidi shilingi milioni 1 aweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria huitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Usilipeleke kwa Kadhi. Mahakama hiyo kikatiba ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Hifadhi risiti, ujumbe wa simu na karatasi ya mashine, kwa sababu pasi na hivyo ni neno lako na lake.

Majibu ya kijana

Latetemeka likiwa moto zaidi. Kwenye kona kali tu, kama zile za kuingilia Ndia Kuu. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna kitu. Na wiki sita nyuma alikuwa amebadilisha tairi mbili za mbele, za nyuma akaziacha kwa kubana matumizi.

Tuliazima futi ya kushonea ya mama yake, tukaizungusha kwenye tairi moja baada ya nyingine. Tofauti ya mpya na kuukuu ilikuwa karibu sentimita 3. Kwa wiki sita, gari lilikuwa linapigana na nafsi yake kila hatua.

Alinunua tairi mbili nyingine zinazolingana, akabadilisha oili na kuweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mtetemo ulipungua siku hiyo hiyo, lakini haukuisha. Klachi ya katikati ilikuwa imeshapikika, na fundi wa pili alithibitisha kwamba yahitaji kubadilishwa. Hiyo yakaa sehemu ya nyuma ya giaboksi, hubadilishwa yenyewe, na giaboksi nzima haiguswi. Aliilipia kwa mishahara ya miezi miwili. Pesa za harusi hazikuguswa, na Shawwal tukala pilau.

Ile gereji ya kwanza sikuwafuata kugombana nao. Sijui kama walidanganya au walikosea. Aliyelala na gari bovu ni kijana, na yeye ndiye aliyepaswa kuuliza. Siku hizi ndani ya gari lake kuna kijitabu kidogo cha kuandikia, na ile futi mama yake hajarudishiwa mpaka leo.